Mwenye Ardhi Aachiwe Kusema Hapana

Waaborijini wa Australia wapewe haki ya kisheria ya kukataa. Mtu akitaka kuchimba, kulipua au kujenga mahali pao patakatifu, na wao wakasema hapana, iwe hapana. Tume zimeundwa, ripoti zimejaa makabatini, waziri mkuu ameomba radhi bungeni, na neno hili moja bado linakwepwa.

Tarehe 24 Mei 2020 kampuni ya Rio Tinto ililipua mapango mawili kwenye korongo la Juukan, eneo la Pilbara, jimbo la Australia Magharibi, ili kupanua mgodi wa chuma. Pango moja lilikuwa na ushahidi kwamba binadamu walianza kulitumia miaka 46,000 iliyopita. Walikuwemo hata enzi ya barafu. Wataalamu walifukua humo kipande cha mkanda uliosukwa kwa nywele za watu miaka 4,000 iliyopita, na vipimo vya vinasaba vikaonyesha kwamba wenye nywele zile ni jamaa wa Wapuutu Kunti Kurrama na Wapinikura wa leo, wenye ardhi ile. Taja familia nyingine yoyote duniani yenye hati ya kumiliki ya umri huo.

Bunge la Australia lilipochunguza, likasikia kwamba kampuni ilikuwa na njia nne za kupanua mgodi. Tatu kati ya hizo zisingegusa mapango. Ikachukua ya nne kwa kuwa ingeipatia tani milioni 8 zaidi za madini ya chuma, yenye thamani ya dola za Australia milioni 135 hivi. Wenye ardhi hawakuwa wameambiwa kwamba kuna njia nyingine. Mwezi ule wa Mei walipoomba kwenda kuyazuru mapango yao, ndipo walipofahamishwa kwamba ulipuaji umekaribia.

Dunia ikapiga kelele, na mwezi Septemba mwaka uleule ikatangazwa kwamba wakuu watatu wa kampuni, mtendaji mkuu akiwa mmoja wao, wangeacha kazi. Wengi waliishia hapo. Wakaona wakosaji wameadhibiwa, mambo yamekwisha. Lakini ulipuaji ule ulikuwa halali. Sheria ya urithi wa Waaborijini ya jimbo lile, ya mwaka 1972, ina kifungu cha 18 kinachomwezesha mwenye mradi kumwomba waziri kibali cha kuharibu mahali pa urithi. Rio Tinto ilipewa kibali mwaka 2013. Mwaka uliofuata wafukuaji wakagundua thamani hasa ya pango, ila sheria haikuwa na njia ya kukirudia kibali kilichokwisha kutolewa. Kampuni ingenyimwa, ingeweza kukata rufaa. Wenye ardhi hawakuwa na rufaa yoyote.

Sasa sikiliza kilichofuata. Jimbo likatunga sheria mpya mwaka 2021, na hata hiyo ikaliacha neno la mwisho mikononi mwa waziri. Ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2023. Wakulima na wenye mashamba wakalalamika kwamba ina makaratasi mengi, na mwezi wa Agosti, baada ya wiki tano hivi, serikali ikatangaza kuifuta. Ikarudishwa ile ya 1972, safari hii na marekebisho: wenye ardhi nao wanaweza kuomba uamuzi upitiwe upya, na habari mpya zikipatikana sharti zipelekwe kwa waziri. Marekebisho hayo yana faida na tunayakubali. Lakini nani anaamua mwishoni? Serikali, ileile inayokusanya mrabaha wa madini.

Kasoro ya mpango wote huu inaonekana bila miwani. Unamtaka mgeni abishe hodi, ila haumruhusu mwenye nyumba kumrudisha alikotoka. Kwetu mtu hupiga hodi mara tatu, asipokaribishwa huondoka. Mgeni ambaye ataingia tu, umkaribishe usimkaribishe, hajapiga hodi. Ametoa taarifa kwamba anaingia.

Sheria ya taifa zima nayo ina kasoro hiyohiyo. Mwaka 1993 Australia ilitunga sheria ya kutambua haki za asili za ardhi, na ndani yake wenyeji wakapewa haki ya kujadiliana na mchimbaji. Kujadiliana tu. Miezi sita ikipita bila makubaliano, shauri linaweza kupelekwa kwenye baraza la usuluhishi, nalo likaruhusu mgodi. Sheria ilianza kazi Januari 1994, na mara ya kwanza baraza hilo kuamua kwamba mgodi usiendelee ilikuwa mwaka 2009, katika shauri la watu wa Martu wa jangwa la magharibi. Miaka 15 ilipita bila baraza kumkatalia mchimbaji hata mara moja. Mzee anayeingia kwenye mazungumzo ya namna hiyo anajua kwamba akikataa, mgodi unaweza kuja vilevile, na yeye akakosa hata malipo. Anasaini. Baadaye kampuni inaionyesha saini yake na kusema wenyeji waliridhia. Baadhi ya mikataba hiyo ilikuwa na vifungu vya kuwazuia wenyeji kulalamika hadharani, na wabunge waliochunguza Juukan walivikuta.

Wapo wanaouliza kwa nini wenyeji wasichukue fidia nzuri wakahamishia ibada mahali pengine. Anayeuliza hivyo hajaielewa dini yenyewe. Katika imani za Waaborijini, viumbe wa mwanzo walisafiri juu ya nchi hii, na mwendo wao ndio ulioumba vilima, mito, visima na miamba. Hawakuondoka. Wamo mle mle, na sheria za ndoa, za urithi, za nani ale nini na nani alinde nini zimewekwa katika ardhi ile. Njia walizopita zinafuatwa kwa nyimbo, na wimbo mmoja waweza kuvuka mamia ya kilomita ukipita katika lugha hii na ile, kila ukoo ukitunza kipande chake. Mtu huzaliwa na wajibu kwa mahali fulani. Ataimba pale, atafanya matambiko pale, na atawafundisha wadogo pale. Asipofanya hivyo, mahali panaugua na watu wanaugua. Pango likilipuliwa, wimbo umekatika, na ukoo jirani ulio kilomita mia mbali umeumizwa pia. Fedha unaweza kuipokea, lakini huwezi kuitambikia.

Mahakama zenyewe zimekwisha kulikubali hili. Mwaka 2019 mahakama ya juu kabisa ya Australia iliwapa Wangaliwurru na Wanungali wa Timber Creek fidia ya dola milioni 2.5 hivi, na kati yake dola milioni 1.3 zilikuwa kwa ajili ya maumivu ya kiroho ya kuvunjiwa uhusiano na nchi yao. Kwa hiyo hakuna tena hoja ya kwamba hizi ni hadithi za wazee. Majaji wamesema madhara ni ya kweli na yanapimika. Madhara yakiwa ya kweli, mtu mwenye akili timamu huyazuia yasitokee. Hangoji yatokee ndipo ahesabu noti.

Kuna sababu nyingine ya kutaka haki ya kukataa, na hii haisemwi vya kutosha. Mengi katika dini hizi ni ya siri. Kuna ya wanaume, kuna ya wanawake, na kuna ya waliokwisha kupitia jando na kufundishwa hatua kwa hatua. Sheria za sasa zinamlazimisha mwenye siri aitoe ndipo aaminiwe. Waulizeni wanawake wa Kingarrindjeri wa Australia Kusini. Katika miaka ya 1990 walipinga daraja la kwenda kisiwa cha Hindmarsh, ambacho wao hukiita Kumarangk, kwa sababu za kimila ambazo mwanamume hapaswi kuzijua. Jimbo likaunda tume ya kifalme, na mwaka 1995 tume hiyo ikasema wanawake wale wamebuni. Wakaitwa waongo mbele ya nchi nzima, kwenye magazeti na kwenye redio. Mwaka 2001 jaji wa mahakama ya shirikisho alilisikiliza jambo hilo upya na kusema hakuridhika kwamba walibuni. Daraja lilikuwa limekwisha kufunguliwa miezi michache kabla. Mama wa watu alitakiwa achague kati ya kuivunja mila na kuitwa mwongo. Kama sheria ingempa haki ya kukataa, angesema hapana, akabaki na siri yake na heshima yake.

Haya hayakuanza na migodi. James Cook alipandisha bendera mwaka 1770, na Arthur Phillip akatia nanga Sydney tarehe 26 Januari 1788 akiwa na shehena ya wafungwa. Waingereza hawakufanya mkataba na wenyeji. Kule New Zealand walitia saini na Wamaori mwaka 1840, hata kama baadaye waliuvunja mara nyingi. Australia waliichukua kana kwamba haina mwenyewe. Uongo huo ulikaa katika sheria hadi tarehe 3 Juni 1992, mahakama ilipompa ushindi Eddie Mabo wa kisiwa cha Mer. Yeye mwenyewe alikuwa amefariki Januari mwaka huohuo.

Kati ya 1788 na 1992 kuna mauaji, ndui, kuhamishiwa kwenye vituo vya misheni, na watoto kunyang'anywa mama zao. Ripoti ya mwaka 1997 ilikadiria kwamba kati ya 1910 na 1970 mtoto mmoja katika kila watatu hadi mmoja katika kila kumi wa wenyeji alichukuliwa kwa nguvu. Kwenye vituo vingi mtoto alichapwa kwa kusema lugha yake. Matambiko yalipigwa marufuku. Kisha wajukuu wa watu hao walipofika mahakamani kudai ardhi, wakatakiwa wathibitishe kwamba mila zao hazikukatika tangu wazungu walipofika. Ndivyo watu wa Yorta Yorta walivyoshindwa kesi yao, kwanza mwaka 1998 na mwishowe mwaka 2002. Jaji wa kwanza alithamini zaidi maandishi ya mlowezi wa karne ya 19 kuliko maneno ya wazee waliosimama mbele yake. Sheria ya namna hiyo humnufaisha kidogo zaidi yule aliyeporwa zaidi. Hatuoni haki yoyote ndani yake.

Dawa ipo, na imekwisha kujaribiwa nchini humohumo. Mwaka 1966 Vincent Lingiari aliwaongoza Wagurindji kuacha kazi katika ranchi ya ng'ombe ya Wave Hill, na wakakaa nje ya kazi miaka mingi wakidai ardhi yao. Mwaka 1975 waziri mkuu Gough Whitlam alimmiminia Lingiari mchanga wa ardhi ile mkononi, ishara ya kumrudishia. Mwaka uliofuata ikapita sheria ya ardhi ya Waaborijini wa Eneo la Kaskazini. Jaji Woodward, aliyeiandalia njia sheria hiyo, alisema wazi kwamba kuwanyima wenyeji uwezo wa kuzuia machimbo ni kuwanyima ardhi yenyewe. Kwa hiyo sheria ikaweka kwamba anayeomba leseni ya kutafuta madini lazima apate ridhaa kupitia baraza la ardhi la wenyeji. Wakikataa, mlango unafungwa kwa miaka mitano kabla ya kuombwa tena.

Uchumi wa Eneo la Kaskazini haukufa. Karibu nusu ya eneo hilo sasa ni ardhi ya Waaborijini, na uchimbaji unaendelea mahali waliporidhia. Katika jangwa la Tanami, kwenye ardhi ya Wawarlpiri, dhahabu inachimbwa kwa makubaliano. Na mahali walipokataa, pamebaki. Jeffrey Lee, mzee wa ukoo wa Djok, alikataa utajiri wa urani wa Koongarra, eneo lililozungukwa na hifadhi ya Kakadu, na mwaka 2011 ardhi ile ikaingizwa katika urithi wa dunia. Wamirarr, jirani zao, hawakuwa na bahati hiyo. Sheria ya 1976 iliutoa mgodi wa urani wa Ranger nje ya haki ya kukataa, kwa kuutaja kabisa, kwa sababu serikali iliutaka. Ukachimbwa juu ya pingamizi la wenyewe.

Sheria hiyo ina tundu moja kubwa na lazima lizibwe. Tangu mwaka 1987 wenyeji wanaweza kukataa mwanzoni tu, wakati wa utafutaji. Wakikubali utafutaji, hawawezi kuukataa mgodi, ingawa siku ile ya kwanza hakuna aliyejua mgodi utakuwa mkubwa kiasi gani au utapita wapi. Ridhaa iombwe tena kabla ya kuchimba.

Tunasikia kwamba haki hii itakuwa upendeleo wa rangi. Basi tazama sheria ya madini ya Australia Magharibi, jimbo lilelile la Juukan. Mkulima mwenye shamba lake binafsi lililolimwa ana haki ya kumkatalia mchimbaji: bila ridhaa yake ya maandishi, leseni haigusi mita 30 za juu za udongo wake. Bustani ya matunda na shamba la mizabibu vina ulinzi huohuo. Kwa hiyo haki ya kukataa si kitu kigeni wala hatari. Wapo wanaoifaidi kila siku na hakuna anayeita upendeleo. Mwenye ngano anaweza kusema hapana, mwenye pango la miaka 46,000 hawezi. Anayetetea hali hiyo atueleze ni kwa hoja gani.

Tunasikia pia kwamba wananchi walikwisha kukataa katika kura ya maoni ya tarehe 14 Oktoba 2023. Kura ile ilihusu chombo cha kulishauri bunge. Asilimia 60 hivi walisema hapana, na hakuna jimbo hata moja lililosema ndiyo. Tunasikitika, lakini haki ya kumiliki ardhi haikuwa kwenye karatasi ya kura. Na wale wanaosema mambo ya ardhi ni ya majimbo wakumbuke kura nyingine, ya mwaka 1967, ambapo zaidi ya asilimia 90 ya wapiga kura walilipa bunge la shirikisho uwezo wa kutunga sheria kuhusu Waaborijini. Canberra ina uwezo huo tangu wakati huo. Kilichobaki ni kuutumia.

Mwamba wa Uluru unafundisha vizuri. Waanangu walirudishiwa mwamba wao tarehe 26 Oktoba 1985, kwa sharti la kuukodisha kwa serikali kwa miaka 99 uwe hifadhi. Kwa miaka mingi kibao pale chini kiliwaomba wageni wasiupande, kwa sababu ni mahali patakatifu. Wengi walikisoma, wakapanda. Bodi ya hifadhi, ambayo Waanangu ndio wengi ndani yake, ilipoamua kufunga, upandaji ukakoma tarehe 26 Oktoba 2019. Watalii wanaendelea kwenda. Wanatembea kuuzunguka, wanasikiliza wenyeji, wanarudi nyumbani salama.

Sisi huku Afrika Mashariki tusijione tumesimama mbali. Umoja wa Mataifa ulipopitisha tamko la haki za watu wa asili mwaka 2007, nchi 143 ziliunga mkono na nne zikapinga, Australia ikiwa moja ya hizo nne. Ilibadili msimamo mwaka 2009. Kenya na Burundi zilikuwa miongoni mwa nchi 11 zilizojizuia kupiga kura. Mahakama ya Afrika mjini Arusha iliamua mwaka 2017 kwamba Kenya ilivunja haki za Waogiek wa msitu wa Mau, haki ya ardhi na haki ya dini zikiwemo, na mwaka 2022 ikaamuru warudishiwe ardhi. Novemba 2023 familia za Waogiek zilikuwa zikifukuzwa tena msituni na nyumba zao kubomolewa. Serikali ya Kenya itekeleze hukumu ile.

Na bunge la Canberra lisiunde tume nyingine. Lichukue haki ya kukataa iliyomo katika sheria ya 1976, lizibe tundu la 1987, liondoe mwanya wa serikali kuipuuza kama kule Ranger, na liipeleke kwa wenye ardhi wa majimbo yote, kuanzia Pilbara.